Baada ya Misa ya Shukrani

Nyote mwaikumbuka habari ya Yairo, mkuu wa sinagogi, aliyemwangukia Bwana wetu miguuni kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi na miwili. Mwajua jinsi waombolezaji walivyomcheka Bwana, naye akawatoa nje wote, akaingia na baba na mama na wanafunzi watatu, akamshika binti mkono, na binti akainuka akatembea. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini Marko Mtakatifu ameongeza jambo moja dogo, ambalo kwa miaka mingi sisi wenyewe tulilisoma upesi upesi tukalipita: Bwana aliwaagiza wale wazazi wampe mtoto chakula.

Tulitazame jambo hilo. Yeye aliyeweza kumrudishia mtoto uhai hakushindwa kumshibisha kwa neno lile lile. Hakufanya hivyo. Uhai aliurudisha mwenyewe. Chakula aliwaachia wazazi. Pengine wale wazazi kwa furaha yao walikuwa wameduwaa, majirani wameanza kupiga vigelegele mlangoni, wala hapana aliyekumbuka kwamba mtoto huyu aliugua sana na tumbo lake ni tupu. Bwana alikumbuka.

Juma hili twataka kusema habari za watoto walioinuliwa katika kitanda cha saratani, au kansa kama wengi wasemavyo. Twasukumwa na jambo lililotokea katika jimbo letu, nasi twalisimulia kwa ruhusa ya wenyewe, bila kutaja jina wala kijiji.

Mama kijana, mwenye mimba ya kwanza ya miezi saba, aliletwa katika zahanati ya masista. Miguu yake ilikuwa imevimba. Akipanda kile kilima kidogo cha kwenda kisimani alihema kama mtu aliyekimbia, na usiku hakuweza kulala chali. Alikaa ameegemea ukuta mpaka jogoo awike. Mama mkwe alisema mimba za kwanza ndivyo zilivyo. Wengine walinong'ona mambo tusiyopenda kuyaandika katika gazeti hili. Sista mkunga alipompima aliona kovu refu tumboni, limekata kutoka upande hata upande, akamwuliza, “Mwanangu, kovu hili ni la nini?” Akajibu, “Ni jipu, Sista. Nilipasuliwa nikiwa mdogo.”

Sista alikuwa ameona makovu mengi ya majipu, na hili halikufanana nayo. Akamwita mama mzazi. Mama alikana mara mbili. Mara ya tatu akalia. Halikuwa jipu. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 5 alikutwa na saratani ya figo. Akapelekwa hospitali kubwa, figo moja likatolewa, kisha kwa miezi mingi akatiwa mishipani dawa nyekundu, hata mkojo wake ukatoka mwekundu na mama akadhani mtoto atokwa damu. Mungu akajalia, mtoto akapona. Ilisomwa Misa ya shukrani, mbuzi wawili wakachinjwa. Na jioni ya siku ile baba, ambaye sasa ni marehemu, alikusanya makaratasi yote ya hospitali, akayachoma moto uani pamoja na nguo za ugonjwa, akawaagiza watu wa nyumba yake kwamba jina la ugonjwa ule lisitajwe tena. Alisema, ni nani atakayemwoa msichana mwenye figo moja aliyewahi kuugua kansa? Hata binti mwenyewe hakuambiwa.

Hatumhukumu marehemu. Alimpenda mwanawe, na hofu yake twaijua sote. Lakini yule mama kijana alipofikishwa katika hospitali ya rufaa na moyo wake kupimwa, ulikutwa umepanuka, na nguvu zake za kusukuma damu zimepungua sana.

Mtauliza: je, saratani ilirudi? La, haikurudi, hata chembe. Kilichouumiza moyo ule ni dawa ile ile iliyomwokoa. Twaandika neno hili kwa woga, maana twajua jinsi liwezavyo kushikwa vibaya. Kwa hiyo twaomba tusomwe mpaka mwisho.

Dawa ile nyekundu yaitwa doksorubisini. Asili yake ni udongo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Italia walichota udongo karibu na Castel del Monte, ngome ya kale iliyo kusini mwa nchi hiyo, wakaona ndani yake vijidudu vitoavyo rangi nyekundu kama yakuti. Na katika miaka ya 1960 zilipatikana kwa vijidudu hivyo dawa mbili za jamii moja. Hii ya pili iliuzwa kwa jina la Adriamycin, kwa kuikumbuka bahari ya Adria iliyo jirani. Hata leo dawa za jamii hii ni nguzo katika matibabu ya saratani nyingi za watoto: ya damu, ya tezi, ya figo, ya mifupa. Bila hizo, wengi wa watoto wanaocheza leo mbele ya makanisa yetu baada ya kupona wangekuwa makaburini. Neno hilo tulishike kwanza, kabla ya lolote lingine.

Lakini dawa iwezayo kuua chembe za saratani huugusa na moyo. Chembe za misuli ya moyo si kama zile za ngozi au za damu, ambazo zikifa huzaliwa nyingine mahali pake. Moyo wa mtu hufanya kazi siku zote karibu na chembe zile zile alizokua nazo utotoni. Mtoto wa miaka 5 akipoteza sehemu yake, hapana amwonaye kuwa mgonjwa. Mwili wake ni mdogo, na moyo wamtosha. Kisha anakua, anabeba ndoo, anacheza mpira, anaoa au anaolewa. Na moyo ule wenye watumishi pungufu watakiwa kuulisha mwili wa mtu mzima. Ni sawa na ng'ombe wawili waliofungwa jembe la ng'ombe wanne. Msimu wa kwanza watalima, na wa pili watalima, na mwenye shamba atajisifu. Lakini siku moja udongo utakapokuwa mzito watapiga magoti. Kwa mwanamke siku hiyo mara nyingi ni siku za mimba, kwa sababu damu ya mama mjamzito huongezeka karibu kwa nusu, na moyo hauna budi kuizungusha yote.

Hatari hii hailingani kwa wote. Huzidi kwa waliopata dawa nyingi, kwa waliotibiwa wakiwa wadogo sana, na kwa wasichana. Mionzi ikipigwa kifuani huongeza madhara yake yenyewe: huibana mishipa inayoulisha moyo na kuharibu vali zake, tena baada ya miaka 10, 20, hata 30, wakati mtu amekwisha kuusahau ugonjwa wake kama ndoto.

Hatusemi haya kwa kukisia. Katika mji wa Memphis, nchini Marekani, iko hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1962 kwa jina la Mtakatifu Yuda Thadei, msimamizi wa mambo yaliyokatiwa tamaa. Aliyeianzisha ni Danny Thomas, mchekeshaji mashuhuri, Mkatoliki aliyezaliwa na wazazi waliohamia Marekani kutoka Lebanoni. Katika ujana wake alikuwa hana kazi ya kutegemea, na mkewe ana mimba. Naye alipenda kusimulia jinsi alivyotia sadakani dola 7, akiba yake yote, akamwomba Mtakatifu Yuda amwonyeshe njia, akaahidi kumjengea mahali pa heshima. Njia aliipata, fedha alizipata, na ahadi hakuisahau. Kardinali Samuel Stritch, Askofu Mkuu wa Chicago, ndiye aliyemshauri aijenge Memphis. Danny Thomas alifariki mwaka 1991, akazikwa katika uwanja wa hospitali hiyo.

Siku hospitali ile ilipofunguliwa, watoto waliougua saratani ya damu iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto walikuwa wakipona 4 tu katika 100. Leo, katika hospitali zenye vifaa kamili, wanapona zaidi ya 90. Hesabu kama hiyo yatosha kumpigisha mtu magoti. Lakini linalotushangaza zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike juu ya Memphis, ni lile lililofanyika baadaye. Mwaka 2007 hospitali ile ilianza kazi ya kuwaita tena watu wake wa zamani, watu wazima sasa, wenye ndevu na wajukuu wengine, ili wapimwe kuanzia kichwani hata miguuni. Daktari aliyekwisha kushinda anamwita mshindi mwenzake na kumwuliza: moyo wako waendeleaje? damu yako? sukari yako? Hapo tuliliona tena lile agizo la chakula katika nyumba ya Yairo.

Na kabla ya hapo, mwaka 2006, ulikwisha kutangazwa uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali mbalimbali za Marekani na Kanada. Walitazamwa watu 10,397 waliopona saratani za utotoni, waliotibiwa kati ya mwaka 1970 na 1986, wakalinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja 3,034. Umri wao wa wastani haukufika miaka 27. Ilionekana kwamba karibu watu 62 katika 100 walikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa kudumu, na zaidi ya 27 walikuwa na ugonjwa mkali au wa kuhatarisha maisha. Moyo kushindwa kazi ulikuwa mara 15 zaidi kwao kuliko kwa ndugu zao. Na kuzibwa mishipa ya moyo, mara 10. Yatupasa kuongeza kwa haki kwamba hao walitibiwa zamani, na tangu wakati huo madaktari wamepunguza mionzi, wanazipima dawa kwa uangalifu zaidi, na vifo vya baadaye vimepungua. Na hata mara 15 ya jambo lililo adimu kwa vijana si hukumu ya wote. Walio wengi moyo wao utawafikisha uzeeni. Ila hapana ajuaye kwa kutazama uso ni nani kati yao amebeba moyo uliochoka.

Si moyo peke yake. Mionzi ya kichwani huweza kuvuruga tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo huamuru ukuaji wa mwili. Mtoto akabaki mfupi, na unene ukamjia bila ulafi, hasa msichana aliyetibiwa akiwa mdogo sana. Aliyepigwa mionzi tumboni, au mwili mzima kabla ya kupandikizwa uboho, yu karibu zaidi na ugonjwa wa kisukari kuliko wenzake, hata akiwa mwembamba. Mwenye figo moja hana budi kulichunga shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Na hapa ndipo mambo yote yanapokutana: uchunguzi umeonyesha wazi kwamba presha ikimpata mtu aliyewahi kupewa dawa zile nyekundu, hatari yake haijumlishwi tu, huzidishwa. Unene, sukari, mafuta ya damu na presha huja pamoja kama nzige, na kila kimoja hukuta moyo ambao tayari ulikwisha kulipa deni.

Tulipoyazungumza haya na wazazi wachache baada ya Misa, tulipata majibu ambayo hatuwezi kuyapita kimya.

Wa kwanza alituambia kwamba kumrudisha mtoto kliniki ni kukosa imani. Alikuwa ameambiwa hivyo na mhubiri mmoja: ukishapokea uponyaji, kurudi kupimwa ni kumwambia Mungu kwamba humsadiki. Ndugu, neno hili ni la uongo, na limekwisha kuwagharimu watu maisha. Wale wakoma kumi, Bwana aliwatuma kwa nani? Kwa makuhani. Na makuhani wa Torati kazi yao ilikuwa nini kwa mkoma? Kumkagua. Someni Walawi, sura ya 14: aliyetakasika ukoma wake alitoka kuhani mpaka nje ya kambi kumtazama, kisha akangoja siku saba nje ya hema yake, akanyoa nywele na kufua nguo, na siku ya nane akafika tena na sadaka yake. Ndiyo kusema kwamba Mungu mwenyewe, katika Agano la Kale, alimwekea mtu aliyepona tarehe ya kurudi. Tena yule Msamaria mmoja alirudi kushukuru akiwa njiani kwenda kukaguliwa. Sisi Wakristo twapenda sana kuhubiri habari za wale tisa wasioshukuru. Labda tumesahau kwamba wapo pia washukuruo kwa ngoma na nyimbo wasiofika kwa kuhani.

Wa pili, mama mwenye mtoto aliyetibiwa miaka minne iliyopita, alisema kwa uchungu, “Padre, mwanangu amekwisha kuchomwa sindano za kutosha. Kwa nini mnatutisha?” Huyu hatukuwa na jibu jepesi la kumpa. Ni kweli kwamba kila tarehe ya kliniki huamsha hofu ya zamani. Mama huyu alisema harufu ya dawa ya kusafishia sakafu humtia kichefuchefu mpaka leo. Twamwambia hivi tu: Yakobo alipopambana usiku kucha alipata baraka, na asubuhi alichechemea. Hakuwa na aibu ya kuchechemea, wala Maandiko hayakumficha. Mtoto wako amebarikiwa; tazama kama anachechemea, kwa kuwa anayejua mguu wake mbovu huchukua fimbo.

Na wa tatu hakusema kitu. Alitikisa kichwa akaenda zake. Twadhani alikuwa akifikiri kama yule marehemu baba. Kwake, na kwa wote wafichao, twasema bila kuzunguka: ni haki ya mtoto kuujua mwili wake. Anapofikia umri wa kuelewa, aambiwe na wazazi wake wenyewe, kwa utulivu, jina la ugonjwa, mahali alipotibiwa na dawa alizopewa. Anapotaka kufunga ndoa amwambie mchumba wake kabla ya kutangazwa kanisani, si kama aungamaye kosa, kwa maana hapana kosa, ila kama mtu aelezaye historia yake. Tumemsikia mume wa yule mama kijana akisema kwamba ugonjwa wenyewe haukumkasirisha. Kilichomwuma ni kuona kwamba watu saba wa ukoo walijua, na yeye aliyelala kando ya mkewe usiku akimsikiliza anavyohema ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Na kwa vijana wa kiume wanaosoma ukurasa huu: msichana aliyepona saratani si chungu kilichopasuka. Mwenye kumkataa kwa ajili hiyo ajiulize ni ahadi gani anayotaka kuitoa altareni, ikiwa ugonjwa, hata uliokwisha kupona, wamtosha kukimbia.

Basi, nini kifanyike? Jambo la kwanza lahitaji karatasi tu. Mtoto anaporuhusiwa hospitali, mzazi aombe muhtasari wa matibabu ulioandikwa na daktari: jina la saratani, upasuaji, majina ya dawa na jumla ya kipimo cha kila moja, mionzi ilipigwa wapi na kwa kiasi gani. Asione haya kuomba. Ni haki yake. Hesabu ile ndiyo itakayomwambia daktari wa kesho cha kutazama. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa upya mwaka 2023 wasema kwamba aliyepata dawa za jamii ile nyekundu kwa jumla ya miligramu 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba ya mwili apimwe moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho hospitalini hukiita eko, kila baada ya miaka 2. Na aliyepata kati ya 100 na 250, kila baada ya miaka 5. Kipimo hiki hakina sindano wala maumivu. Mwanamke wa kundi hilo apimwe kabla ya kushika mimba, au mara ajuapo kwamba ameshika. Lakini bila karatasi, nani atajua kama alipata 300 au 75? Cheti cha ubatizo twakitunza katika bahasha, tena parokia inacho kitabu chake, ili ikipotea nakala moja ipatikane nyingine. Kwa nini cheti cha matibabu kiliwe na mchwa?

Walio na watoto waliotibiwa zamani na makaratasi yamepotea wasikate tamaa. Waende hospitali ile ile wakaulize faili. Watoto wengi wa nchi hii wametibiwa Muhimbili, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, hospitali ya Maaskofu wetu. Faili lisipopatikana, waandike wanayoyakumbuka: mwaka, wodi, rangi ya dawa, idadi ya safari. Kumbukumbu ya mama ni ushahidi pia. Katika habari yetu ndiyo iliyomfunulia daktari jambo zima.

Presha hupimwa hata katika zahanati ya kijijini, nayo ipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Sukari na mafuta ya damu, kwa waliopigwa mionzi tumboni au mwili mzima, kila baada ya miaka 2. Sigara, hata moja, isiguswe na mtu wa kundi hili. Pombe ni afadhali iachwe.

Juu ya chakula tuna neno, maana ndilo tuliloanza nalo. Wazazi wengi waliokaa miezi mingi wakimtazama mtoto akikonda, akipona humshindilia. Soda asubuhi, chipsi jioni, mandazi katikati, na wali wenye mafuta juu yake. Na jirani akipita asema mtoto amenawiri. Twaelewa upendo huo, na hatuwezi kuucheka. Lakini mtoto huyu si wa kunenepeshwa. Apewe ugali wake kwa kiasi, maharage, dagaa, mboga za majani, matunda ya msimu, na chumvi kidogo. Wala asifungiwe ndani kama yai. Wako wazazi wamkatazao mtoto kucheza mpira kwa kuogopa moyo wake, na hali uchunguzi umeonyesha kwamba waliopona saratani utotoni ambao huushughulisha mwili sawasawa huishi zaidi kuliko wakaao. Daktari akishapima na kuruhusu, aache akimbie. Na kama kuna mchezo asiouweza, daktari atasema ni upi.

Kwa maparoko na viongozi wa jumuiya tuna ombi. Safari ya kwenda kupimwa moyo ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, na kwa mkulima hayo si machache. Jumuiya zetu hujua kuchanga kwa ajili ya mgonjwa aliyelala, na kwa maziko huchanga hata kabla ya kuombwa. Kumchangia mtu anayetembea, anayecheka, aliyepona miaka 12 iliyopita, ili aende akaambiwe labda kwamba hana kitu, twaona ni ajabu. Jaribuni mara moja. Chagueni mtoto mmoja wa parokia, ulizeni tarehe yake ya kliniki, mlipeni nauli yeye na mama yake.

Twarudi kwa yule mama kijana. Alilazwa juma saba. Alipewa dawa, akakatazwa chumvi, akalazwa ameinuliwa kifua. Madaktari wa moyo na wa wazazi wakawa wakimwona pamoja, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, msichana mdogo mwenye sauti kubwa. Alibatizwa Jumamosi Kuu, mama yake ameketi kwenye kiti karibu na kisima cha ubatizo kwa kuwa hakuweza kusimama muda wote wa ibada ile ndefu. Sasa mama ananywa vidonge kila siku. Kipimo cha mwezi uliopita kimeonyesha moyo umepata nguvu kidogo, ingawa haujawa kama wa mwenzake wa rika lake, na madaktari hawakumwahidi kwamba utakuwa. Juu ya mimba nyingine hatuandiki kitu hapa. Hilo watalizungumza mume na mke na daktari na paroko wao.

Bibi wa mtoto, yule aliyekana mara mbili, alimwendea katekista na daftari la shule la kurasa 48, akamwomba amwandikie yote anayoyakumbuka juu ya mwaka ule wa hospitali. Walikaa alasiri tatu. Ameandika hata wimbo ambao wauguzi waliwaimbia watoto wakati wa kuchomwa sindano. Daftari hilo limefungwa katika mfuko wa plastiki na kutiwa sandukuni kwa binti yake, chini ya cheti cha ndoa. Tarehe ya kliniki inayofuata ni Jumatatu ya juma la pili la Majilio, na mume amesema atamsindikiza mwenyewe.